Samaki Waliowaka Gizani

Al-Ruwais, Jeddah
Ijumaa, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Mama yako amekuchukua soko la Balad kununua jaketi la tatu, nami nimewaacha mwende. Haamini kwamba Norwe kuna maduka. Sikumbishia, maana nilitaka nyumba iwe tupu niandike bila mtu kunichungulia begani. Baina yetu, jaketi la Jeddah ni la kuogopea kiyoyozi tu. Ukifika huko utanunua lingine, na hili la mama yako utalivaa siku za kumpigia simu ya video.

Ya soksi, ya chakula, ya swala mahali ambapo jua halizami, yote ameshakwambia yeye, na mengine mmemuuliza shekhe. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na nimelikalia miaka kumi na sita. Kesho uwanja wa ndege nitabeba begi lako na kusema wanayosema baba wote, "haya, fika salama," na najijua, nikikutazama usoni nitaishia hapo hapo. Kwa hiyo naliandika. Usiisome mbele yangu. Isome ndege ikisharuka.

Nianze na lile lililokuumiza. Siku uliyoniletea karatasi ya ile meli ya utafiti, hukuniomba ruhusa. Una miaka ishirini na minne, ruhusa unayo. Uliketi pale kwenye zulia, ukaniambia, "Baba, naomba radhi zako." Nami nikakujibu, "Msichana gani analala melini miezi miwili, kwenye barafu, na watu asiowajua, kutafuta vijidudu?" Ukalia. Mama yako akaninunia wiki nzima, chai akawa ananitengea kama anamtengea fundi bomba. Mlidhani ni ukali wa uzee. Hapana. Meli haikunitisha hata kidogo. Nilikuwa nawaogopa hao vijidudu wako, na sababu ndiyo hii.

Unamkumbuka Ami Athumani wa Riyadh? Nina hakika unamkumbuka, ila hatujamtaja miaka mingi katika nyumba hii, na asiyemtaja ni mimi. Alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mwenye pengo mbele, mtunza chumba cha baridi katika kampuni ya kuingiza samaki ambayo mimi nilikuwa mpimaji wake wa maabara. Kila Ijumaa alikuletea ndoo ya barafu iliyosagwa. Nje jua la Riyadh linapasua vichwa, wewe umekaa bafuni na ndoo yako, umetumbukiza mikono mpaka viwiko, vidole vimekuwa vyeupe, na hutaki kutoka. Ami Athumani anakaa mlangoni anakuhesabia: "Mia moja na nane, mia moja na tisa, mtoto huyu kazaliwa na samaki!" Barafu yako ya kwanza maishani ulipewa na yule. Mimi sikuwahi kukuletea hata kipande, na nilikuwa nafanya kazi kampuni hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Samaki wa bahari za baridi walikuwa wakifika kwa ndege, wamelazwa kwenye barafu ndani ya maboksi meupe, kwa ajili ya mahoteli. Mimi nakata kipande, nakisaga na maji, natia tone kwenye sahani ya maabara, kisha namimina juu yake ule uji wa chakula cha bakteria ungali moto. Ukipoa unaganda. Sahani inaingia kwenye kabati la joto, sawa na joto la mwili wa mtu, na baada ya siku mbili nahesabu madoa yaliyoota. Kila doa ni ukoo mzima wa bakteria. Pasipo na doa, samaki ni safi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa hospitalini Tanga, ambako vijidudu tulivyotafuta vilikuwa vya ndani ya miili ya watu, na vya ndani ya miili ya watu hupenda joto.

Ulikuwepo mtindo mmoja unaoujua hata wewe. Kabla ya kumimina, unabandika chupa ya uji shavuni. Shavu likivumilia, mimina. Sikuona ubaya wake. Shavu langu mimi, mtu niliyezaliwa Tanga mwezi wa Machi, ndilo lililokuwa kipimo cha viumbe waliozaliwa kwenye barafu.

Na usidhani sikuwa najua kabisa. Hapo ndipo penye uchungu. Kitabu chetu cha taratibu kilikuwa na ukurasa wa samaki wa barafuni. Ulisema uji uachwe ugande na upoe kwanza, sampuli ipakwe juu yake, na sahani zikae baridini wiki nzima au zaidi. Niliusoma mwezi wangu wa kwanza. Nikamwendea mudiri, yaani meneja wetu, akacheka. "Wiki nzima? Samaki ameshaliwa, na aliyemla ameshasahau. Yalla, nipe majibu siku mbili." Halafu lile jokofu dogo la kuwekea sahani za baridi lilikuwa limejaa laban, yaani maziwa ya mgando, na chupa za maji za wafanyakazi. Laban yangu nayo ilikuwemo humo. Nikaufunga ukurasa na sikuurudia.

Ukaja mzigo mmoja mkubwa, wa kuandaa Ramadhani. Nikapima, sahani zikatoka safi, bila hata doa moja. Nikatia sahihi. Siku ya nne Athumani akanifuata maabara, kofia mkononi, pumzi juu.

"Baba Rukia, njoo uone. Wallahi samaki wanawaka."

"Wanawaka vipi?"

"Nimezima taa nifunge mlango, nikaona rangi ya buluu juu ya maboksi. Si nyingi. Kama mwanga wa simu chini ya shuka. Nikawasha taa, hamna. Nikazima, wanawaka."

Nikamwambia, mwanangu, na maneno haya nayakumbuka yote: "Athumani, umekaa baridini mno, ubongo umeganda." Wenzangu wakacheka. Mmoja akampa jina hapo hapo, Bwana Taa. Kutoka maabara hadi mlango wa chumba cha baridi ni hatua arobaini. Sikuzitembea.

Siku ya sita samaki walinuka. Mahoteli yakawarudisha, na mwenye kampuni, ambaye ndiye kafili wetu sote, mdhamini wa vibali vyetu, akataka mtu wa kulaumiwa. Mudiri akatuita ofisini. Kalamu ya ile mashine inayochora joto la chumba ilikuwa imekauka wino siku mbili, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kumtetea Athumani wala ya kumtia hatiani. Wakasema ameacha mlango wazi adhuhuri akaenda kulala.

"Bosi, wallahi mlango sikuuacha," alisema Athumani.

Mudiri akanigeukia. "Hamisi, samaki walipofika walikuwa na kitu?"

"Mafi," nikasema, yaani hakuna, kwa Kiarabu chetu cha kazini.

"Hakika?"

"Sahani zangu safi. Mafi kitu."

Athumani akanitazama. "Baba Rukia, waambie basi nilichokwambia."

Ningeweza kusema, "Alinijia siku ya nne na jambo ambalo sikwenda kulitazama." Ningeweza kusema kwamba kuna ukurasa sikuufuata. Nilifikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, nikakufikiria wewe darasa la pili, nikamfikiria mama yako asiye na kazi. Nikasema, "Alisema samaki wanawaka." Nikasema kwa sauti ile ya kumsingizia mtu kichaa. Ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Halas, imekwisha," akasema mudiri. Siku ya tatu yake Athumani alikuwa ameshagongewa muhuri wa kuondoka moja kwa moja.

Alikuja kukuaga, Rukia. Saa nne asubuhi, na ndoo. Nilimsikia mlangoni, nikamwambia mama yako aseme nimelala. Mama yako akanishangaa, lakini akasema. Athumani akaiacha ndoo kizingitini akaenda zake, na ulipotoka shule barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Ukajimwagia miguuni ukacheka. Kisha ukauliza, "Ami atakuja Ijumaa?" Nikakwambia amepata kazi nzuri nyumbani. Ulifurahi kwa ajili yake. Ukachora picha ya kumpelekea, mtu mrefu mwenye pengo na ndoo, na mimi nikaahidi kuituma. Picha hiyo ninayo mpaka leo, imo ndani ya pasipoti yangu ya zamani.

Mwaka uliofuata nikaletwa Jeddah kuwa mkuu wa maabara, kwa kuwa kumbukumbu zangu zilikuwa safi. Nyumba hii ya Ruwais, shule yako, bahari uliyokuwa ukiishukia na mtungi wa kioo kuteka maji yake ukayachungulie, vyote tumevipata baada ya neno moja la ofisini. Sisemi hili ili uione nyumba yenu kuwa haramu. Uliishi humu kwa haki yako. Nakwambia ujue gharama aliilipa nani.

Miaka ile sikujua kuwa nilikosea. Nilijua kuwa nilimdhalilisha mtu, lakini nilijipoza: labda kweli aliacha mlango, na habari za samaki kuwaka ni za mtu anayetafuta pa kutokea. Mtu hujipikia uongo wake mwenyewe na akaula miaka, asivimbiwe.

Mpaka Ramadhani ya mwaka jana ulipokuja likizo.

Ulinunua samaki wa bahari ya baridi sokoni, ukamlaza kwenye bakuli la maji ya chumvi, nusu ndani nusu nje, ukamtia kwenye friji la mama yako. Siku ya kwanza mama yako alisema. Siku ya pili alipiga kelele. "Rukia, friji lina futari ya watu humu!" Siku ya tatu, alasiri, ukatuita jikoni, kule kusiko na dirisha, ukafunga mlango ukaziba na taulo chini, ukazima taa. Tukakaa gizani kwanza, mama yako akilalamika kwamba sambusa zake zinanyauka. Kisha macho yakazoea. Mgongo wa yule samaki ulikuwa unawaka. Buluu. Kama mwanga wa simu chini ya shuka.

"Subhanallah," alisema mama yako.

Nawe ukaeleza kwa furaha yako ile. Kwamba ni bakteria hao, wanaishi kwenye maji yanayokaribia kuganda, na jamaa zao wanaishi ndani ya barafu yenyewe, katika vijishimo vya maji ya chumvi. Kwamba ngozi zao zina mafuta yasiyoganda, kama mafuta ya alizeti yanavyobaki maji mahali samli inapokuwa jiwe. Kwamba watu hukosea kusema wanavumilia baridi. "Hawavumilii, Baba, wanaitaka. Joto la jikoni hapa ndilo linalowaua." Halafu ukacheka ukasema neno ambalo hukujua linakwenda wapi. "Ndiyo maana maabara nyingi huwakosa. Mtu anawamwagia uji wa moto, anawaweka kwenye joto la mwili, kesho kutwa anakuta sahani nyeupe, anaandika safi. Kumbe amewaua yeye mwenyewe."

Nikawasha taa. Nikasema, "Mwaga huo uchafu." Nikatoka. Uliniona nimechukia harufu, na mama yako akanitetea kuwa ni saumu. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na mikono yangu magotini. Sikuwa na pa kuificha.

Baada ya Idi nilifanya ulilosema, maana nilitaka bado kukuta kwamba umekosea. Nilichukua samaki wa aina ile ile. Sahani tano kwa njia yangu ya Riyadh, chupa shavuni na kabati la joto. Sahani tano kwa njia ya ule ukurasa. Jokofu dogo la hapa niliwaambia vijana waondoe soda zao. Zangu zilitoka nyeupe siku ya pili, nzuri, za kutia sahihi. Za baridi sikuona kitu siku ya pili, wala ya tatu. Siku ya tano zikaanza vidoa kama vumbi. Siku ya nane zilikuwa zimejaa. Nikaziingiza stoo, nikafunga mlango, nikazima taa. Zikawaka zote tano.

Nilikaa sakafuni, Rukia. Mtu wa miaka hamsini na nane, mkuu wa maabara, nimekaa sakafuni stoo nalia.

Ungetegemea kwamba mtu kama huyo atatoka pale akatafute simu ya Athumani. Sikutafuta. Miezi saba sikutafuta. Ukaleta karatasi ya meli, na nilichokiona mbele yangu ni kwamba sasa vijidudu hawa watakuwa mazungumzo ya kila siku katika nyumba hii, kila simu, kila kikombe cha chai. Nikakunyima radhi. Nilikunyima ili mimi nipate kupumua. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kwangu ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa woga na hili nililifanya nikijua.

Kilichonigeuza ni ile barua yako ya maombi. Uliiacha mezani, sijui kwa kusahau au kwa kusudi, wewe ni mtoto wa mama yako. Ilianza hivi: nilipokuwa na miaka minane, mtu mmoja Riyadh alikuwa ananiletea ndoo ya barafu kila Ijumaa. Sikumaliza kuisoma. Niliona waziwazi kwamba wewe umemweka Athumani mstari wa kwanza wa maisha yako, na mimi nimemfuta. Na mtu ambaye mikono yake ni michafu hivi, radhi anazitoa kwa mikono ipi?

Kwa hiyo nikaanza kazi. Mwezi uliopita nilipowaambia nakwenda Riyadh kwa shughuli za ofisi, niliongopa kidogo. Nilikwenda kampuni ile ile, nikaomba faili la Athumani. Yule mudiri alishaondoka siku nyingi. Meneja wa sasa ni kijana, mpole, alinipa kahawa na tende.

"Ammi, hiyo ya zamani. Halas."

"Kwangu bado, mwanangu," nikamwambia.

"Unataka nini? Samaki wameshatupwa, mtu ameshakwenda."

"Nataka iandikwe kwamba mlango haukuwa wazi."

Akaniuliza kwa nini nataka kujichafulia jina nikiwa karibu kustaafu. Swali zuri. Nikamwambia jina lenyewe si langu, nililiazima kwa mtu bila kumwambia. Hakukubali kuandika kitu, lakini alikubali kupokea. Nikamwachia kurasa tatu nilizotia sahihi: nilivyopima, ukurasa nilioufunga, maneno niliyosema ofisini, na picha za sahani kumi. Nakala nyingine nimempa bosi wangu hapa Jeddah. Amezisoma, akaziweka kwenye mtoto wa meza, hajaniambia lolote tangu hapo. Ikama yangu inaisha mwisho wa mwaka. Wakiihuisha, sawa. Wasipoihuisha, Tanga kuna hewa nzuri, na mama yako ana kiwanja chake Raskazone anachokisema tangu hujazaliwa. Yeye nimeshamwambia yote, juzi. Aliniuliza jambo moja tu: "Siku ile ya ndoo, ndiyo sababu ulinituma niseme umelala?" Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kumpata Athumani kulichukua wiki tatu. Dereva mmoja wa mtaa wa Al-Safa hapa Jeddah, mtu wa Pangani, alimjua mtu anayemjua. Nilikaa na namba siku nne. Jana baada ya adhuhuri nilipiga.

Kabla sijakwambia alivyosema, niache niseme kidogo kuhusu kazi yako. Usiniogope, sitakuhubiria, sina mimbari ya kusimama. Najua utapata sahani tupu nyingi. Mtakuwa mnateka maji chini ya barafu, mnangoja wiki, na hamna kitu, na kuna mtu melini atakuwa na haraka, maana watu wenye haraka wako mpaka ncha ya dunia. Usiandike kwamba hakuna kitu. Andika kwamba hukuona, na uandike uliangalia vipi. Neno langu moja la ofisini lilikuwa fupi mno kwa jambo kubwa vile.

Na melini patakuwa na mtu kama Athumani. Sijui atakuwa nani. Labda anayefagia sitaha, labda anayepika, labda mtu anayefunga kamba tu, hana cheti, lakini amekaa na hiyo baridi kuliko nyote. Siku moja atakujia, pumzi juu, na kitu cha ajabu alichokiona. Kitakuchekesha. Kiandike kwanza, uende naye ukatazame, kisha mcheke wote wawili huko huko. Mimi nilizikosa hatua arobaini.

Na ukikosea, maana utakosea, damu yangu unayo, sema siku hiyo hiyo. Mficha uchi hazai, walisema wazee wetu. Siku ya kwanza inauma kama sindano. Mwaka wa kumi na sita unatafuta mtu nchi nzima, na unapompata hujui uanze na salamu au na samahani.

Mimi nilianza na salamu. Sauti ya Athumani imezeeka, lakini ni ile ile.

"Shikamoo usiniamkie, kwa sauti tu rika moja," akasema. "Nani mwenzangu?"

"Hamisi. Baba Rukia. Wa Riyadh."

Nilisikia kuku kwake, na redio mbali. Nikajua nikingoja anijibu nitakata simu, nikasema yote kwa pumzi moja: uji, shavu, kabati la joto, ukurasa, jokofu la laban, jikoni kwetu Ramadhani, sahani tano gizani. Nikasema kwamba mlango hakuuacha wazi, nilijua sina hakika na nikasema nina hakika, na nikawachekesha watu juu yake. Nikamwomba msamaha.

"Kwa hiyo waliwaka?" akauliza.

"Waliwaka, Athumani."

"Hebu ngoja."

Nilisikia akiweka simu juu ya kitu, nikasikia kandambili zake. Kisha kwa mbali, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo hata ujanani, "Mama Shufaa! Mama Shufaa, acha hivyo, njoo! Njoo usikie!" Akarudi akihema. "Baba Rukia, sema tena. Nimeweka sauti kubwa. Mwambie."

"Waliwaka, shemeji," nikasema. "Samaki waliwaka kweli. Mumeo aliona sawa."

Nikamsikia Athumani akimwambia, "Si unasikia? Si nilikuambia? Miaka yote hiyo si nilikuambia?" Na mkewe akaanza kulia, akisema, "Niwie radhi, mume wangu, niwie radhi." Kumbe hata nyumbani kwake hawakumwamini. Kumbe alipelekwa kwa waganga wawili wamtoe jini la Riyadh. Aliniambia hayo akicheka, na lile pengo nililisikia ndani ya kicheko.

Nikamuuliza kuhusu msamaha. "Hilo niachie kwanza, Baba Rukia," akasema. "Ni zito, nitalijibu siku yake. Leo niache nifurahi." Sikumbembeleza. Ni haki yake akichelewa, mimi nilichelewa zaidi.

Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa barafu?" Nikamwambia Jumamosi anasafiri, anakwenda kwenye barafu yenyewe, kuwatafuta hao hao waliowaka. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nikuhesabie, kama alivyokuwa akikuhesabia yeye.

Sasa mikono yangu, kama haijawa safi, angalau haijafichwa. Radhi zangu chukua zote, Rukia, za mchana na za usiku, za majini na za nchi kavu, na zile nilizokunyima mwezi ule zichukue na nyongeza. Nenda ukiwa na furaha yako yote, usipunguze hata kidogo kwa ajili yangu. Ndani ya bahasha hii kuna ile picha uliyoichora, na nyuma yake nimeandika namba ya simu.

Siku utakayozima taa huko melini ukaona rangi ile ya buluu, usinipigie mimi kwanza. Mpigie Ami Athumani.

Baba yako,
Hamisi